Volti 12, 24 au 48: Jinsi ya kuchagua betri za sola za gari la makazi

KILA anayetaka kuweka mtambo wa kawi ya jua ndani ya gari la makazi hukumbana na swali moja kabla ya kununua kifaa chochote: je, betri zake zifungwe kwa volti 12, 24 au 48?

Jibu la swali hilo ndilo huamua unene wa nyaya, ukubwa wa kidhibiti cha chaji, aina ya inveta, fyuzi zitakazofaa na, hatimaye, gharama ya kazi nzima. Anayekosea mwanzoni hulazimika kung'oa karibu kila kitu na kuanza upya, kwani inveta ya volti 12 haiwezi kufungwa kwenye betri za volti 24, wala ile ya volti 24 kwenye betri za volti 48. Mbaya zaidi, nyaya nyembamba zinazopitisha mkondo mkubwa hushika moto, na moto ndani ya chumba kidogo chenye mbao, magodoro na mtungi wa gesi huenea kwa kasi.

Magari ya makazi ni yale yenye kitanda, jiko, choo na mahali pa kuketi, ambayo mwenyewe husafiri nayo na kulala humo. Nchini Marekani, ambako huitwa RV, yapo ya kila namna: vani ndogo iliyotengenezwa upya, trela linalovutwa na pikapu, na hata basi zima lenye kuta zinazosukumwa nje ili kupanua vyumba. Mji wa Elkhart, jimboni Indiana, ndio kitovu cha utengenezaji wake. Kila msimu wa baridi, maelfu ya magari hayo huelekea kwenye jangwa la Arizona, hasa viungani mwa mji mdogo wa Quartzsite, ambako wenyewe hupiga kambi katika ardhi ya serikali kwa wiki au miezi bila kuunganishiwa stima.

Katika kambi za kulipia, gari huchomekwa kwenye soketi. Soketi ya kawaida ya huko ni ya ampea 30 kwa volti 120, ambayo hutoa wati 3,600. Magari makubwa hutumia ile ya ampea 50. Jangwani hakuna soketi. Mwenye gari hutegemea paneli zilizo juu ya paa na betri zilizo chini ya kitanda au kando ya magurudumu.

Hesabu hiyo hiyo huwahusu wanaosafiri Afrika Mashariki kwa malori ya watalii yanayotoka Nairobi kuelekea Cape Town, au kwa Land Cruiser zenye hema juu ya paa. Tofauti pekee ni gari lenyewe, na tofauti hiyo, kama itakavyoonekana, ina uzito wake.

Asili ya volti 12

Magari mengi ya zamani yalitumia betri ya volti 6. Katika miaka ya 1950, injini zilipokuwa kubwa na kuhitaji nguvu zaidi kuwashwa, watengenezaji wa Marekani walihamia volti 12. Magari ya makazi yalirithi kiwango hicho, na hadi leo taa, pampu ya maji, feni ya kipasha joto, bodi ya kuendesha jokofu la gesi na mota za kusukuma kuta hutengenezwa kwa volti 12.

Hali hiyo si ngeni kwa Wakenya. Familia nyingi za mashambani zilianza kuangaza nyumba na kutazama televisheni ndogo kwa betri ya gari ya volti 12, iliyobebwa hadi sokoni kuchajiwa, kabla ya paneli za sola kuenea vijijini.

Volti 24 ni ya malori na mabasi ya dizeli ya Ulaya na Japan, aina ambayo imejaa katika barabara za Kenya. Hata baadhi ya Land Cruiser za zamani za dizeli zilizouzwa nchini Japan zilikuwa na volti 24. Malori makubwa ya Marekani, kinyume na hayo, hutumia volti 12. Nayo volti 48 imetumika kwa miongo mingi katika mitambo ya simu, na sasa imekuwa kiwango cha kawaida cha betri za sola za majumbani. Mwaka wa 2023, kampuni ya Tesla ilianza kuuza pikapu ya Cybertruck ambayo vifaa vyake vingi vidogo huendeshwa kwa volti 48 badala ya 12.

Uhusiano wa volti, ampea na wati

Msingi wa uamuzi wote ni kanuni moja: wati ni zao la volti na ampea. Wati hupima nguvu ambayo kifaa kinatumia, volti hupima msukumo wa umeme, na ampea hupima wingi wa mkondo unaopita katika waya.

Mkulima mwenye magunia 48 ya mahindi anaweza kuyasafirisha kwa gari la magunia 12 katika safari nne, kwa gari la magunia 24 katika safari mbili, au kwa gari la magunia 48 katika safari moja. Mzigo ni ule ule. Kinachobadilika ni idadi ya safari na jinsi barabara inavyochakaa. Magunia yanayobebwa kwa safari moja ndiyo volti, safari ndizo ampea, na barabara ndiyo waya.

Inveta inayotoa wati 2,000 huvuta takriban ampea 167 kutoka kwa betri za volti 12, ampea 83 kutoka kwa zile za volti 24, na ampea 42 kutoka kwa zile za volti 48. Kwa kuwa inveta yenyewe hupoteza kiasi fulani cha nguvu kama joto, takriban asilimia 10, mkondo halisi huwa mkubwa kidogo kuliko huo.

Waya wowote una ukinzani, na nguvu inayopotea ndani yake hutegemea mkondo uliozidishwa kwa mkondo wenyewe. Mkondo ukipungua nusu, hasara hupungua hadi robo. Ukipungua hadi robo, hasara hubaki moja ya kumi na sita.

Waya wa shaba wenye unene wa milimita mraba 35, urefu wa mita tano kwenda na mita tano kurudi, hudhihirisha jambo hilo. Inveta hiyo ya wati 2,000 ikiwa ya volti 12, waya utapoteza takriban volti 0.8, karibu asilimia 7 ya volti zote, na wati zipatazo 137 zitageuka joto ndani ya waya. Kwa volti 24, hasara ni wati 34. Kwa volti 48, ni wati 9 tu.

Volti 0.8 huonekana kidogo, lakini betri ya risasi iliyotumika kiasi inapobebeshwa mzigo mkubwa inaweza kushuka hadi volti 11.5. Ikipunguziwa 0.8, inveta hupokea volti 10.7, kiwango kinachokaribia kile ambacho inveta nyingi hupiga king'ora na kujizima. Mwenye gari huona betri yake imekufa ilhali kasoro iko kwenye waya.

Dawa ya tatizo hilo kwa aliyeamua kutumia volti 12 ni waya mnene zaidi na mfupi zaidi. Inveta kubwa huwekwa hatua moja au mbili kutoka kwa betri, wala si upande wa pili wa gari.

Volti 12: rahisi kwa mahitaji madogo

Kwa vani au trela dogo, volti 12 bado ndiyo chaguo la busara. Kila kifaa kilichomo tayari kinaitumia, alteneta ya gari inaitoa, na vipuri vyake hupatikana katika duka lolote la vifaa vya magari. Hakuna haja ya kigeuzi cha volti, na kila kigeuzi kinachoepukwa ni kifaa kimoja kisichoweza kuharibika safarini.

Mpaka wake hutokana na mkondo. Mafundi wengi huanza kushauri volti za juu pale inveta inapozidi wati 2,000. Inveta ya wati 3,000 kwenye volti 12 huvuta ampea 250 na zaidi ikiwa na mzigo kamili. Nyaya zake huwa nene na ngumu kukunja, na fyuzi na swichi zake ni za bei ya juu. Kila kiungo kilicholegea kidogo hugeuka kuwa kipasha joto.

Volti 24: njia ya kati

Volti 24 hupunguza mkondo nusu bila kumtenga mwenye gari na vifaa vya kawaida. Majokofu mengi ya kambini yenye kompresa hujitambulia yenyewe kama yamefungwa kwenye volti 12 au 24. Taa nyingi za LED na pampu za maji huuzwa pia kwa volti 24. Fyuzi ndogo za kuchomeka, zile za magari, kwa kawaida hutengenezwa kwa kiwango cha juu cha volti 32, hivyo hutosha hata betri za volti 24 zinapochajiwa kwa volti 28 au 29.

Kwa lori au basi lililogeuzwa kuwa makazi hapa Kenya, volti 24 ina faida ya ziada, kwani gari lenyewe huwa na alteneta ya volti hizo. Anayeweka betri za volti 12 ndani ya lori la volti 24 hujitafutia kazi ya kushusha volti kila anapochaji akiwa njiani.

Kwa gari la Kimarekani, mambo ni kinyume. Volti zote za taa, pampu na mota hulazimika kushushwa hadi 12 kwa kigeuzi. Kigeuzi cha ampea 30 au 40 hutosha taa na pampu, lakini mota za kusukuma kuta au kuinua gari huvuta mkondo mkubwa kwa muda mfupi. Kwa sababu hiyo, wengi huacha betri moja ndogo ya volti 12 mahali pake, ichajiwe na kigeuzi hicho polepole na kubeba mizigo ya ghafla.

Kwa trela, betri hiyo ndogo ni suala la uhai. Trela lenye breki za umeme huwa na swichi ya dharura inayofunga breki endapo trela litachomoka kutoka kwa gari linalolivuta. Swichi hiyo hutegemea betri ya volti 12 iliyo kwenye trela lenyewe. Anayeing'oa kwa sababu amehamia volti 24 au 48, bila kuweka nyingine, huacha trela lake bila breki wakati ule hasa zinapohitajika.

Volti 48: kwa anayehamisha nyumba nzima

Volti 48 hufaa gari lenye kiyoyozi, jiko la umeme, kipasha maji na inveta ya wati 4,000 au zaidi. Katika kiwango hicho cha matumizi, volti 12 haifai tena. Inveta ya wati 5,000 ingehitaji zaidi ya ampea 400 kwa volti 12, lakini huhitaji ampea 104 tu kwa volti 48, kabla ya kuhesabu hasara. Aidha, betri na inveta za volti 48 hutengenezwa kwa wingi kwa ajili ya majumba, na mara nyingi bei yake kwa kila kilowati-saa huwa nafuu.

Hata hivyo, gharama hujificha kwingine. Vifaa vichache sana vya magari huendeshwa moja kwa moja kwa volti 48, kwa hivyo kigeuzi cha kushusha volti hadi 12 hakiepukiki. Kikiharibika usiku, taa, pampu na feni huzimika kwa pamoja, hata kama betri zimejaa. Msafiri mwangalifu hubeba cha akiba au hufunga viwili.

Paneli nazo hazina budi kupangwa upya. Kidhibiti cha chaji hakiwezi kuchaji betri mpaka volti za paneli zizidi zile za betri. Paneli ndogo yenye seli 36 hutoa takriban volti 18 inapofanya kazi, kwa hivyo angalau nne zinahitajika katika mstari mmoja ili kuchaji betri za volti 48. Paneli zinapofungwa hivyo, kivuli cha mti au cha kiyoyozi cha paani kikiangukia moja, mstari mzima huathirika. Kwenye paa la gari, ambako vivuli ni vingi, jambo hilo si la kupuuzwa.

Kidhibiti cha chaji

Faida ya volti za juu huonekana wazi katika kidhibiti cha chaji. Kifaa hicho hununuliwa kwa ampea ambazo kinaweza kutoa. Kidhibiti cha ampea 30 cha aina ya MPPT huweza kupitisha takriban wati 430 kwenye betri za volti 12. Kikifungwa kwenye volti 24 hupitisha wati 860, na kwenye volti 48, iwapo kimeundwa kukubali volti hizo, zaidi ya wati 1,700. Mwenye paneli za wati 1,600 atahitaji vidhibiti vinne vya aina hiyo kwa volti 12, lakini viwili tu kwa volti 24.

Upande wa paneli una kikomo chake pia. Kidhibiti kilichoandikwa volti 100 kitaharibika endapo volti za paneli zitazidi kiwango hicho. Volti zinazoandikwa nyuma ya paneli hupimwa seli zikiwa na joto la nyuzi 25, na huongezeka kwa karibu asilimia 0.3 kwa kila nyuzi moja joto linaposhuka. Asubuhi ya baridi kali jangwani, jua linapochomoza ghafla, ndipo volti hufika kileleni. Mpangilio ulioachiwa nafasi ndogo mno huteketeza kidhibiti saa hizo.

Volti haziongezi kawi

Wanunuzi wengi hudhani kwamba betri za volti 48 hudumu zaidi kuliko za volti 12. Si kweli. Betri nne za volti 12, kila moja ikiwa na ampea-saa 100, huhifadhi kilowati-saa 4.8 kwa namna yoyote zitakavyofungwa. Zikifungwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, zitakuwa volti 12 na ampea-saa 400. Zikifungwa mbili mbili, zitakuwa volti 24 na ampea-saa 200. Zikifungwa kwa mfululizo, chanya ya moja kwa hasi ya nyingine, zitakuwa volti 48 na ampea-saa 100. Kwa hiyo, anayelinganisha betri kwa ampea-saa pekee bila kuzidisha kwa volti hujidanganya.

Kinachobadilisha kiasi cha kawi kinachotumika ni aina ya betri. Zile za risasi na asidi hushauriwa zisitumike zaidi ya nusu ya ujazo wake ili zidumu. Zile za lithiamu na fosfati ya chuma huruhusu kutumia asilimia 80 au zaidi. Seli moja ya risasi ina volti 2, na ya lithiamu ya aina hiyo volti 3.2. Ndiyo maana betri inayoitwa ya volti 12 huwa na seli sita za risasi au nne za lithiamu, na ile ya volti 48 huwa na seli 24 za risasi au 16 za lithiamu, ambazo kwa hakika ni volti 51.2.

Betri za lithiamu huwa na bodi ya ulinzi ndani yake. Si kila bodi inaruhusu betri kufungwa kwa mfululizo hadi volti 48, na mwongozo wa mtengenezaji hauna budi kusomwa kabla ya ununuzi. Vilevile, betri hizo hudhurika zikichajiwa joto likiwa chini ya nyuzi sifuri, jambo la kuzingatiwa na anayelala milimani wakati wa theluji.

Kosa la kuchota volti 12 katikati

Kuna njia ya mkato ambayo huua betri. Mwenye betri mbili za volti 12 zilizofungwa kuwa volti 24 huona kwamba anaweza kupata volti 12 kwa kuunganisha taa zake kwenye betri moja kati ya hizo. Taa huwaka vizuri, na mwenyewe huridhika.

Baada ya muda, betri moja huwa imetumika kuliko mwenzake. Chaja huziona kama betri moja ya volti 24, kwa hivyo huzipa mkondo ulio sawa. Ile isiyotumika hujaa mapema na kuendelea kuchajiwa kupita kiasi, ilhali ile inayochotwa haijai kamwe. Moja huchemka, nyingine hufa njaa. Kwa sababu hiyo hiyo, betri mpya haifungwi kwa mfululizo na ya zamani, wala ya ampea-saa 100 na ya ampea-saa 200.

Volti 12 zinapohitajika, zitoke kwenye kigeuzi kinachochota kutoka kwa betri zote kwa pamoja.

Usalama

Volti 48 zinapochajiwa hufika karibu 58. Kiwango hicho kiko chini ya volti 60, ambacho kanuni za kimataifa za magari ya umeme hukichukulia kama mpaka wa umeme hatari wa mkondo usiogeuka. Mtu aliyegusa kwa mkono mkavu kwa kawaida hadhuriki, lakini mikono yenye maji au jasho hupitisha umeme kwa urahisi zaidi, na tahadhari ni lazima.

Hatari iliyo kubwa zaidi katika volti zote ni moto. Umeme wa betri hauzimiki kwa wepesi kama ule wa ukutani, kwa kuwa haubadilishi mwelekeo. Swichi inapofunguliwa, cheche inaweza kuendelea kuruka kati ya vyuma viwili, na kadiri volti zinavyopanda ndivyo cheche inavyokuwa ngumu kukatika. Kwa hiyo fyuzi za volti 32 na swichi zilizokusudiwa magari ya kawaida hazifai katika mtambo wa volti 48. Swichi au fyuzi iliyoandikwa volti 250 za mkondo geu si lazima ihimili hata volti 48 za betri, na kinachopaswa kutazamwa ni kiwango chake cha mkondo wa betri.

Fyuzi kuu huwekwa karibu iwezekanavyo na kichwa chanya cha betri. Ukubwa wake huchaguliwa kulinda waya, si kifaa. Vichwa vya nyaya hubanwa kwa koleo lake maalum na kukazwa, kisha kukaguliwa mara kwa mara, kwa kuwa gari hutikisika na nati hulegea. Nchini Kenya, mafundi wa sola hupewa leseni na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, na mwenye gari ana haki ya kuomba kuona leseni hiyo kabla ya kukabidhi kazi.

Hatua za kufikia uamuzi

Hatua ya kwanza ni kuorodhesha kila kifaa, wati zake na saa zake kwa siku. Tuchukue vani yenye taa za wati 30 kwa saa tano, jokofu la wati 45 linalozunguka nusu ya siku, feni ya wati 25 kwa saa nane, pampu ya wati 60 kwa nusu saa, na kompyuta na simu za wati 60 kwa saa nne. Jumla ni wati-saa 1,160 kwa siku. Betri moja ya lithiamu ya volti 12 na ampea-saa 200 huendesha vifaa hivyo kwa karibu siku mbili bila jua. Mkondo wake ni mdogo, na volti 12 hutosha kabisa.

Mwenye vani hiyo akiongeza tanuri la maikrowevu na birika la umeme, kila kimoja kikivuta wati 1,500, matumizi ya siku hupanda hadi karibu wati-saa 1,900. Nyongeza si kubwa, kwa kuwa vifaa hivyo hutumika kwa dakika chache. Hata hivyo, vikiwashwa pamoja vinahitaji inveta ya wati 3,000, na hapo volti 24 huanza kuleta maana. Ipo njia nyingine isiyogharimu chochote, nayo ni kutowasha vyote viwili kwa wakati mmoja. Kwa kufanya hivyo, inveta ya wati 2,000 na volti 12 zitatosha.

Akiongeza kiyoyozi cha wati 1,400 kwa saa sita, kompresa ikizunguka theluthi mbili ya muda huo, matumizi hufika wati-saa 7,500. Atahitaji betri za takriban kilowati-saa 10, na volti 48 ndizo zinazofaa. Lakini kwa saa tano za jua kali, na hasara zikihesabiwa, atahitaji pia paneli za wati 2,000 hivi. Paa la vani halina nafasi hiyo. Volti 48 haziwezi kuziba pengo la paneli, na mwenye gari atalazimika kupunguza saa za kiyoyozi au kutafuta soketi.

Hatua ya pili ni kutafuta mzigo mkubwa zaidi utakaowashwa kwa wakati mmoja, kwani huo ndio huamua volti, si matumizi ya siku nzima. Ya tatu ni kupima umbali kati ya betri na inveta. Ya nne ni kuangalia volti za gari lenyewe na za vifaa vilivyomo. Alteneta ya volti 12 inaweza kuchaji betri za volti 24 au 48 kupitia chaja maalum ya kupandisha volti, ambayo pia huilinda alteneta isichomwe na betri za lithiamu zinazovuta mkondo mkubwa bila kikomo.

Hatua ya mwisho ni kujumlisha bei ya mtambo mzima, wala si ya betri pekee. Nyaya, fyuzi, swichi, vigeuzi na vidhibiti vikitiwa katika hesabu, betri iliyoonekana nafuu dukani inaweza kuwa ndiyo ghali. Na kwa kuwa volti zikishachaguliwa kila kifaa kitakachofuata hulazimika kuzifuata, hesabu hiyo ifanywe kwanza kwenye karatasi, kabla ya waya wa kwanza kukatwa.